Nusu Inayobaki kwa Jirani

Wapenzi walimu vijana wa seksio ya latini-filozofia, ninyi mnaobaki na tablo, ubao wa darasa, wakati mimi nimebaki na goti linalouma: mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. Kidogo siwezi. Bibi yangu, yaani mke wangu, husema mimi nikiulizwa saa, naanza na kuumbwa kwa jua. Nitajikaza. Juu ya mshahara sisemi neno. Hadithi fupi namna ile haihitaji mwandishi. Juu ya kupandishwa cheo vilevile: mimi nilipandishwa kila asubuhi, na kilima cha Bushoa, kilima chenye kusimama hivi kwamba hata mbuzi wa pale huzaliwa na miguu miwili mifupi.

Nitasema juu ya Wagiriki wa kale na juu ya maziko ya mzee mmoja kule Bweremana. Mambo haya mawili yanaenda pamoja, mtaona. Katika kazi yangu yote sikupata somo gumu kuliko maziko yale, na programu ya wizara haikuwa imeyaandika.

Nilianza mbali na tablo. Nilikuwa mbeba magunia kule Sake, pale magari ya Masisi, ya Goma na ya Minova yanapokutana na kutukanana. Mchana viazi, jioni masomo. Darasani tulikuwa muuza dagaa wa sambaza, fundi wa pikipiki, polisi mmoja aliyelala wima kama farasi, na mimi. Mwalimu wetu aliitwa Profe Bauma. Alikuwa ametoka seminari bila upadri, akiwa na Kigiriki chote kichwani na koti moja mgongoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini akisema mstari wa Kigiriki, naapa, mpaka mbu walitua ukutani kusikiliza.

"We wa viazi," aliniambia siku ya kwanza, "unajua kubeba?"

"Najua, Profe."

"Basi beba hii."

Akanipa kamusi ya Kigiriki. Nimebeba magunia ya Masisi yaliyojazwa na watu wasio na huruma, lakini kitabu kile kilikuwa gunia la magunia. Nilikibeba mpaka nikapata diploma, na mpaka leo bega langu la kushoto liko chini kidogo. Bibi anasema lilikuwa hivyo tangu zamani. Msimsikilize.

Kitu alichonifundisha Profe Bauma ni kusikiliza kile ambacho mwimbaji hasemi. Kwa mfano, mji wa Thebe, ule wenye milango saba. Wagiriki walikuwa na hadithi mbili za mwanzo wake. Moja ni ya mapacha waliojenga ukuta, na mawe yalijisogeza yenyewe kwa kufuata muziki wa mmoja wao. Nyingine ni ya mgeni aliyemfuata ng'ombe mpaka ng'ombe yule akalala chini, kisha mgeni akaua joka, akapanda meno yake, na mule udongoni wakaota watu wenye silaha. Sasa, katika utenzi wa kale wa yule baharia aliyechelewa kurudi nyumbani, mwimbaji anawataja mapacha tu kuwa waanzilishi. Mgeni na joka lake, hakuna. Lakini mistari michache mbele, anapotaja wenyeji wa mji ule ule, anawaita kwa jina la yule mgeni. Anapita. Haelezi.

"Amesahau?" aliuliza polisi, akiamka.

"Mtu huyu hakusahau hata jina la mbwa," alisema Profe Bauma. "Alikuwa anatupa nusu. Watu waliokaa mbele yake walikuwa na nusu ingine mdomoni. Wimbo haukuwa wake peke yake. Kama wale watu hawapo, sisi tunabaki na nusu, na tunaita nusu ile elimu."

Alicheka aliposema hivyo, lakini si kicheko cha furaha. Alikufa kabla sijapata kazi. Koti walimvalisha.

Kazi ya kwanza nilipewa Walikale, ndani ya msitu. Safari yake siwezi kuieleza bila kutukana, kwa hiyo naruka. Matope yalinivua kiatu kimoja, na nadhani mpaka leo kiatu kile kinaendelea na safari. Shule ilikuwa ya mbao. Chaki ilipokwisha tuliandika herufi za Kigiriki kwa kipande cha muhogo mkavu, na mbuzi wa prefe, mkuu wetu wa shule, walikuja kulamba tablo. Nasema kweli: katika Kivu yote, mbuzi waliokula Kigiriki kingi ni wale.

Huko nilimsikia mwimbaji wa kilinge, mzee mwenye kibuyu cha mbegu mkononi. Katikati ya wimbo wake alitaja mto mmoja, jina tu, akatikisa kibuyu. Wamama watatu wakapiga kelele ya furaha, na mzee mmoja akajifuta macho. Mimi mgeni nilikaa pale kama jiwe. Hakuna hadithi iliyosimuliwa! Hapo nikamkumbuka Profe Bauma, nikatamani nimtumie kibuyu kile kaburini. Vijana, mkifundisha dokezo katika tenzi, msianze na ufafanuzi. Anzeni na mto ambao kila mtu darasani anaujua isipokuwa ninyi.

Baadaye nilihamishiwa Bushoa, upande wa Masisi, na hapo nikakaa miaka yangu mirefu. Kilima chenyewe maharage juu, mihogo katikati, na ukungu kila mahali. Nyumba kubwa zilikuwa mbili, zote za wakulima, zote zinasali kanisa moja, na zimeoana hivi kwamba kumtukana mtu pale ilikuwa lazima uhesabu kwanza kama si shemeji yako. Nyumba ya juu mkubwa wake alikuwa Papa Kalinda. Nyumba ya chini, Papa Bahati.

Kalinda ndiye aliyenieleza desturi yao, siku moja tulipokuwa tunachagua mbegu za maharage barazani kwake. Kila nyumba ilikuwa na maneno ya mwanzo wake, yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ilijulikana na wote. Watoto waliirukia kamba. Ya nyumba ya Kalinda ilisema: *Mbwa ilikuta maji.* Ya nyumba ya Bahati: *Fimbo iliachwa mu udongo.* Nusu ya pili ilikuwa jambo lingine. Wenyewe hawakuisema kamwe. Iliwekwa kwa nyumba ya jirani, kutoka mkubwa hadi mkubwa, na ilitoka mdomoni siku moja tu: siku ya kuzika mzee wa nyumba. Watu wa marehemu wanasema nusu yao kaburini, na mkubwa wa nyumba ile nyingine anawajibu. Akijibu, marehemu amezikwa kama mwenye kilima. Akinyamaza, amezikwa kama mpita-njia.

"Sasa kwa nini msijisemee wenyewe?" niliuliza.

"Profe, muntu anaweza kujisifu siku yote, mudomo iko ya yake," alisema Kalinda. "Lakini kusema *babu yangu njo alianza hapa*, ile inaomba shahidi. Shahidi ni jirani. Njo maana tunamuachia mukia ya maneno. Ukigombana naye, unakumbuka: huyu mubaya iko na mukia yangu."

Nilitaka kuandika nusu hizo za pili. Alinicheka mpaka akakohoa. "Weye, siku ya kunizika utasikia. Lete masikio."

Ugomvi ulikuja na rangi. Shule yetu ilipata mabati mapya, na prefe, mtu mwema lakini mpenda maandishi, alitaka jina la mwanzilishi wa kilima liandikwe ukutani kwa herufi za bluu. Kabla ya hapo hakuna aliyeuliza nani alitangulia, mbwa au fimbo. Wote wawili walikuwa wa kwanza, na ilitosha. Lakini ukuta ulikuwa na nafasi ya jina moja. Kalinda alisema babu yake ndiye aliyempokea mwenye fimbo. Bahati alisema babu yake ndiye aliyemnywesha mwenye mbwa. Walisemezana mbele ya katekista maneno ambayo hata mimi, mtoto wa parking ya Sake, nilikuwa sijayasikia. Mwishowe ukuta haukuandikwa kitu. Rangi ya bluu ilipakwa milango ya choo.

Haukupita muda mrefu, kaka yake Bahati akafa. Tulisimama wote pale juu kaburini, mvua ya Masisi ikituogesha, ile mvua inayonyesha mpaka ndani ya mfuko. Bahati akasema, "Fimbo iliachwa mu udongo." Akangoja. Akasema tena. Kalinda alikuwa amesimama mbele kabisa, anaangalia buti zake. Hakujibu. Tulisikia mvua tu, na mama mmoja akinong'ona, "Kalinda, mbele ya Mungu, sema." Hakusema. Wakafukia.

Mimi nilibaki na watoto wa nyumba zote mbili kwenye benchi moja. Sikuweza kuwafundisha Bushoa, basi niliwafundisha Thebe. Riziki, binti wa Bahati, mwenye akili ya kukata kama wembe mpya, aliinua mkono.

"Profe, sasa kati ya mapacha na yule wa joka, nani njo alikuwa wa kwanza?"

"Mwimbaji hakusema."

"Aliogopa?"

"Alikuwa anaimbia wajukuu wa wote wawili."

Kesho yake Papa Bahati alikuwa mlangoni pa burau, ofisi yetu ya shule, kofia mkononi, jasho usoni.

"Profe, mutoto anarudi anasema Wagiriki iko na muji yenye babu mbili. Ile Wagiriki yako, nani njo aliwaita mu kilima yetu?"

"Papa, wale walikufa zamani sana."

"Kama balikufa, baache kutuma batoto."

Lakini hakuondoka. Alikaa, akauliza kama yule mgeni wa joka alikuwa na mashamba. Nilimweleza juu ya meno kupandwa udongoni na askari kuota. Alitikisa kichwa muda mrefu.

"Ile mavuno hata hapa tunaijua," alisema, akaenda zake.

Ilikuwa hivyo. Vita vilipanda mpaka kilimani kwetu, na sitavieleza. Ninyi mnavijua, na wasiovijua hawataelewa kwa karatasi yangu. Tulishuka kwa miguu, godoro kichwani, kuku mikononi. Wengine walikwenda Mweso, wengine walivuka kwenda Uganda, wengine hatukuambiwa. Watoto wa Kalinda walishika njia ya Walikale na njia ile haikuwarudisha, wala habari zao. Ndugu zake walioujua mkia wa nyumba ya Bahati walikufa mmoja mmoja, mahali ambapo hapakuwa na jirani. Kamusi ya Profe Bauma niliibeba mpaka Sake, na hapo nikaiweka chini ili nibebe mtoto wa mtu. Mtoto alikuwa mzito kuliko kamusi, lakini alijua kucheka.

Tukaishia Bweremana, chini ya bashi, maturubai ya wakimbizi, kati ya ziwa na barabara. Nilifundisha pale pia. Tablo ilikuwa mlango wa gari lililokufa, na naweza kusema bila haya kwamba hakuna chuo kikuu duniani chenye tablo inayofungwa kwa ufunguo. Papa Kalinda na bibi yake, Mama Sifa, walikuwa mwanzo wa safu za bashi. Papa Bahati, ambaye bibi yake alifia njiani, alikuwa mwisho wa safu, anashona sandali. Riziki alikuwa ameolewa mbali, Kisangani. Wazee hawa wawili wa kilima kimoja walipita mbele ya bomba la maji kila asubuhi kama watu wawili wa nchi mbili.

Kalinda alikufa kwa kifua, polepole, akiwa na akili zote. Siku za mwisho aliniambia neno moja tu juu ya jambo lile. "Profe, nilimunyima. Naye atanifanyia. Iko sawa." Lakini bibi yake hakuona kwamba iko sawa. Alinikamata shati asubuhi ile ya kuzika.

"Profe, we ulisoma. Jibu weye!"

"Mama Sifa, mimi si wa kilima. Na nusu ile sikuisikia hata siku moja."

"Huyu muntu alilima Bushoa maisha yake yote. Leo anaenda kulala mu udongo ya batu bengine. Na tena aende kama mupita-njia? Kama muntu mwenye alikuwa anauza chumvi akaanguka? Hapana. Muite Bahati."

Nilikwenda. Bahati alikuwa na uzi mdomoni na sandali kati ya magoti.

"Papa Bahati, Kalinda amekufa."

"Nilisikia."

"Tunamzika leo. Mama Sifa anakuomba uje."

Akavuta uzi. "Kaka yangu alizikwa namna gani, Profe? Ulikuwa pale."

"Nilikuwa."

"Basi sema."

"Kama mpita-njia."

"Basi Kalinda atamukuta mu njia. Batasalimiana."

Nimejibu wakaguzi wa wizara, nimejibu mkweli na mwongo, nimewahi kumjibu askari aliyetaka kujua kwa nini herufi zangu zinafanana na siri. Pale nilisimama, ulimi ukiwa mdomoni kama kiatu. Nikarudi peke yangu.

Makaburi tulikuwa tumepewa na wenyeji, kipande juu ya barabara, udongo mweusi. Tulikuwa wachache. Katekista alisoma. Sanduku lilishushwa kwa kamba za bashi. Mama Sifa, mzaliwa wa Mweso, aliyeolewa tu kilimani, alikuwa ndiye nyumba nzima ya Kalinda iliyobaki. Alisogea ukingoni.

"Mbwa ilikuta maji," alisema.

Hakuna kitu. Gari la chumvi lilipita chini. Katekista alishika beleshi, akamwangalia mama yule, akalirudisha chini.

"Mbwa ilikuta maji!"

Hapo nilimwona Bahati. Alikuwa amesimama nyuma, mbali na sisi, mfuko wa plastiki kichwani kwa ajili ya manyunyu, na sandali ile bado mkononi, haijamalizika. Sijui alifika lini. Mama Sifa alikuwa amemwona. Hakumwita. Alisema tu mara nyingine, sasa polepole, kama mtu anayemwomba mtoto amalize chakula: "Mbwa ilikuta maji."

Bahati alivua ule mfuko kichwani.

"Na mwenye mbwa akapiga magoti," alisema.

Basi, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimengoja miaka na miaka, na nilidhani kutakuwa na ushindi, na mkuki, na ufalme. Hapana. Mtu alifika kilimani na kiu, akapiga magoti karibu na mbwa wake, akanywa. Kilima kilianza hivyo. Nusu ile ya unyenyekevu wenyewe hawakuruhusiwa kuisema. Aliyekabidhiwa ni jirani.

Tulifukia. Watu walishika mkono wa Mama Sifa, wakashuka. Bahati alibaki, akiangalia udongo, na mimi nilibaki kwa sababu goti lilikuwa limekataa.

"Aksanti, Papa Bahati," alisema Mama Sifa.

"Usinishukuru." Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakumbuka kwamba hana ufunguo. "Mama, mukia yangu ilikuwa na huyu. Huyu njo alikuwa wa mwisho. Minamuzika, minazika na yangu. Siku yangu, nani atanijibu?"

"Uliisikia lini, ile yako?" nilimuuliza.

"Mara moja. Wakati wa kuzika baba. Baba yake Kalinda njo alijibu." Akageuza sandali mkononi. "Lakini haitakiwe itoke mu mudomo yangu. Hakuna muntu wa nyumba yetu alishaisema. Hata mumoja."

Alizunguka kaburi, akaja akasimama karibu na yule mama. Nilitaka kuondoka, niwape nafasi, lakini alininyooshea sandali: kaa pale, uwe shahidi.

"Mama Sifa, weye sasa njo nyumba ya juu. Sikiliza. *Fimbo iliachwa mu udongo.*" Akavuta pumzi. "*Kesho yake ikakataa kung'oka.*"

Mama Sifa aliangalia chini kule, zile bashi zetu, safu kwa safu, mpaka ziwani. Machozi yalimshuka bila sauti.

"Kesho yake…" alianza. "Kesho yake ikakataa…"

"Kung'oka."

"Nitasahau, Papa. Kichwa yangu imeshakuwa ya kuzeeka."

"Hautasahau. Sema tena. Na usiiseme kama muntu anauza ndizi, ni maneno ya kuzika."

"Kesho yake ikakataa kung'oka."

"Tena."